Mzee Sabiri Awadhi na Mistari Kumi na Moja ya Wino Mwekundu

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Mzee Sabiri Awadhi, fundi sanifu mkuu wa uchunguzi wa maji chini ya ardhi, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na sita. Nimeombwa niandike habari zake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nimeandika kwa vipande, mtoto akilala naandika, akiamka naacha, kwa hiyo mkikuta mahali pameruka mnisamehe. Tarehe na vipimo lakini havijaruka. Nimevihakiki kwenye madaftari yake mwenyewe, maana namjua, angenirudishia.

Mzee Sabiri ni mtoto wa Chemchem, hapa hapa Tabora mjini. Baba yake alikuwa fundi bati, na nyumba nzima ilitegemea naye atashika nyundo. Nyundo aliishika kweli, ila ya kugongea vyuma ardhini. Mwaka 1989 aliingia kazini kama kibarua wa kubeba nyaya za upimaji. Kazi yenyewe ni kupitisha umeme kidogo ardhini na kusoma kwenye kipimo unavyopita: mwamba mkavu unaukataa, mwamba uliooza na kushika maji unauruhusu. Wenzake walibeba nyaya na kwenda kunywa chai. Yeye alibaki kuuliza namba zinasema nini. Baada ya miaka mitano ofisi ilimpeleka chuoni, akarudi na cheti na maswali mengi zaidi.

Kule Choma, wilaya ya Igunga, alipogonga vyuma na kutandaza nyaya, watu waliamini anatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Mzee mmoja aitwaye Eliya alimfuata siku tatu na jembe begani, akimkumbusha kila baada ya hatua chache kwamba shamba ni lake na nusu ni yake. Miezi miwili baadaye mashine ya kuchimba ilipofika, Eliya alikuwepo, na jembe lake. Maji yaliporuka juu alilowa mpaka kofia. Akatangaza mbele ya kijiji kwamba amedanganywa, lakini nusu yake ataichukua hivyo hivyo, kwa madumu.

Halafu kuna visima vya njia ya zamani ya misafara. Kwa miaka miwili Mzee Sabiri alitoka na baiskeli yake, siku za mapumziko, akifuata njia hiyo kuelekea magharibi na kupima kila kisima kikuukuu alichoonyeshwa na wenyeji. Aligundua kuwa vingi vimekaa pale tabaka la mwamba uliooza lilipo nene. Huwa anasema wapagazi walikuwa watafiti wenzetu, tofauti ni kwamba wao walipima kwa kiu. Visima tisa kati ya hivyo vimefukuliwa na watu wanachota hadi leo.

Sasa nije kijiji cha Ntalikwa, maana bila Ntalikwa huyu mtu hamtamjua.

Pale kuna kisima kifupi cha kuvuta kwa ndoo. Tangu 2004 Mzee Sabiri alikipima kila Jumatatu alfajiri. Ilibidi apime kabla hakijaguswa, kwa sababu watu wakishaanza kuchota maji yanashuka, na kipimo kinakuwa cha uongo. Basi akina mama wakazoea kumsubiri. Ndoo zilipangwa, hakuna aliyevuta mpaka kamba yake ya kupimia itoke. Walimwita Baba Jumatatu, na akichelewa dakika tano walimuuliza kama bibi amemfichia viatu. Hakuna barua wala kikao kilichoweka utaratibu huo. Ulikuwa heshima tu.

Mwaka 2022 ukaja mradi wa kumwagilia bustani za mboga. Walitaka kuchimba kisima kirefu chenye pampu kubwa, hatua mia mbili tu kutoka kile cha akina mama. Wapo waliofurahia nyanya na ajira, na sikuwalaumu. Lakini daftari la Mzee Sabiri lilionyesha kuwa kila mwaka maji yanarudi pungufu kidogo. Pampu ile ingeyamaliza, na wanawake wale wangerudi kufukua mchanga wa mtoni, mwendo wa saa nzima na mtoto mgongoni. Mwendo huo naujua.

Shida ilikuwa moja. Daftari lilikuwa na pengo. Mwaka 2021, kuanzia Juni hadi Agosti, Mzee alikuwa amevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki na ofisi haikutuma mwingine. Jumatatu kumi na moja, tena za kiangazi, zilikuwa tupu. Wapo wenzetu waliomshauri ajaze kwa kukadiria, kwani nani angejua? Alikataa. Kwenye mkutano wa kijiji mhandisi wa mradi, mtu muungwana, aliuliza tutaegemeaje daftari linalonyamaza wakati wa ukame. Nilikuwa naandika muhtasari, na jibu la Mzee ninalo neno kwa neno.

"Sikupima. Nilikuwa nimelala na mguu. Namba ambayo kamba yangu haikuiona, mimi siiandiki."

Watu wakainamisha vichwa. Niliona tumeshindwa.

Mama Mektilda, mkulima wa pale pale, akainuka na kutoka bila kuomba ruhusa. Tulidhani amekasirika. Alirudi na beseni kichwani, ndani yake mna kamba ya manila. Akaeleza kwamba Jumatatu ile ya kwanza walisubiri mpaka jua likatoka. Walipoona Baba Jumatatu haji, yeye alifunga jiwe kwenye kamba, akaishusha taratibu, na aliposikia jiwe limegusa maji akapiga fundo usawa wa mdomo wa kisima. Ndipo wakachota. Alifanya hivyo kila Jumatatu hadi Mzee aliporudi. Mwenyekiti akamuuliza nani alimtuma.

"Hakuna," akasema. "Tulishazoea kusubiri. Tungechota hivi hivi tungejiona tumemwibia."

Mtu mwingine angemkumbatia. Mzee Sabiri aliuliza kama kamba hiyo imewahi kufungia mbuzi. Mektilda akamjibu kwamba mbuzi wake wana kamba zao. Mzee akailoweka kwanza, kwa kuwa kamba kavu hujikunja, akainyoosha chini watu watatu wakiishika, akapima fundo moja moja. Fundo la kwanza alililinganisha na kipimo chake cha mwisho kabla ya ajali, la mwisho na kile alichochukua aliporudi. Mwanzoni vipimo vilipishana sentimita mbili, mwishoni tatu. Akazitaja tofauti hizo kwa sauti, mhandisi asikie. Kisha akajaza mistari kumi na moja kwa wino mwekundu, na kwenye safu ya mpimaji akaandika: Mektilda, kwa kamba.

Mhandisi alilisoma daftari lote akiwa amesimama. Kisima cha mradi kilihamishiwa zaidi ya kilomita moja, kwenye ufa mwingine wa mwamba ambao Mzee Sabiri mwenyewe aliupima. Nyanya zipo, na kisima cha akina mama kina maji.

Mwaka huu tunaingiza madaftari kwenye kompyuta. Safu ya mpimaji inapokea namba ya mtumishi tu, na niliambiwa kwenye ile mistari niweke namba ya Mzee Sabiri ili kazi iende. Sikuweka. Nimeomba safu ifunguliwe na jina la Mektilda limeingia. Mwenye swali anione mimi.

Mzee wetu, shikamoo. Uliulizwa unataka zawadi gani ya kuagwa, ukasema Mama Mektilda apewe kamba ya kupimia na barua ya kumtambua. Kamba alikabidhiwa wiki iliyopita, barua imesainiwa juzi. Tunakushukuru kwa maji tunayokunywa na kwa ukweli uliotufundisha bila kutusema vibaya. Mungu akupe afya, mguu upone kabisa, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Jumatatu ya tarehe 7 Julai Mama Mektilda atapima mwenyewe. Wewe siku hiyo, tafadhali, lala mpaka jua litoke.

Asmahani Issa
Karani wa kumbukumbu