Historia ya Marehemu Mwalimu Maeng Deok-gi, Mwasisi wa Siku ya Tufaha

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani wa Dalseok, na nyinyi mlioleta mashada makubwa kuliko machozi yenu, historia hii imeandikwa na dada mkubwa wa marehemu, Maeng Sun-im, na ndiye anayeisoma, kwa kuwa ile aliyoiandika mtoto wa marehemu ilikuwa na sukari nyingi, na dada mtu ana kisukari. Marehemu amekufa akitaka kitu kimoja tu, kusamehewa na mtu mmoja, nanyi mtasikia kama alikipata.

Mwalimu Maeng Deok-gi alizaliwa tarehe 11 Machi 1953 katika kijiji cha Neutgol, nje kidogo ya mji huu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Maeng Cheol-u, mkulima wa matufaha, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa vita na njaa, naye ndiye mwana wa kiume pekee, yeye alipewa yai, na dada yake akapewa maji yaliyochemshiwa yai. Alilelewa katika adabu tuliyolelewa sote, kwamba mdogo hagusi kijiko kabla mkubwa hajaanza kula, na adabu hiyo aliipenda kuliko chakula chenyewe. Baba akiwa shambani, Deok-gi ndiye mwanamume wa nyumba, basi alikaa mezani amekunja mikono, akimtazama dada yake mwenye njaa huku uji ukipoa, kisha akauliza kwa upole, “Mbona huli, dada? Aa, kumbe sijaanza.”

Alianza shule ya msingi hapo Neutgol mwaka 1960, akasoma sekondari hapa Dalseok, akatumikia jeshi, akahitimu chuo cha ualimu mjini Daegu mwezi Februari 1979, na mwezi uliofuata akaajiriwa kufundisha somo la maadili, tafadhali msicheke. Tarehe 7 Mei 1981 alifunga ndoa na Bi. Pyo Yeong-rye, aliyeketi hapa mbele, mwanamke ambaye tangu siku hiyo hajawahi kunywa supu ya moto nyumbani kwake, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Ju-hyeon, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1984.

Tarehe 1 Machi 2008 marehemu aliteuliwa kuwa Mwalimu Mkuu wa Shule ya Wasichana Dalseok, shule ambayo wakati ule wasichana walikuwa wakioneana vibaya, na wakubwa wa elimu walitaka uonevu uishe, au walau usisikike. Marehemu aliipata dawa katika shamba la baba yake. Sote tunajua kwamba katika lugha yetu tunda hili ni sagwa, na kuomba radhi ni sagwa vilevile, basi akaanzisha Siku ya Tufaha, kila tarehe 24 Oktoba, ambapo aliyemkosea mwenzake humletea tufaha mbele ya shule nzima, aliyekosewa hulipokea kwa mikono miwili na kuling'ata, na likishang'atwa kesi imekufa, haifiki kwenye kamati ya nidhamu wala haiandikwi popote. Walimu nao hawakusahauliwa, maana Bi. Ok wa muziki, ambaye marehemu alimwita gunia la mchele katika kila kikao cha Jumatatu, alipewa tufaha lake kila mwaka, akang'ata, akapigiwa makofi, na Jumatatu iliyofuata akawa gunia kama kawaida. Shule ikapewa kibao cha shaba cha shule isiyo na uonevu, nacho marehemu alikifuta vumbi kwa mkono wake.

Mwezi Machi 2011 aliingia shuleni mtoto wa miaka kumi na mitatu, Nam So-dam, asiye na baba, mama yake mwosha vyombo katika mgahawa wa tambi, akaangukia mikononi mwa kundi la Baek Ye-won, binti wa mwenyekiti wa wazazi. Viatu vyake vilitumbukizwa chooni, nywele zake zilikatwa na mkasi wa darasa la sanaa, na kila alipolia wenzake walimwambia, “Nyamaza wewe, tufaha lako linaiva!” Oktoba ilipofika Ye-won alimletea tufaha, So-dam akang'ata akiamini yamekwisha, na kwa kuwa tufaha ni rahisi na Oktoba haikosi kurudi, mwaka wa pili walimtesa kwa raha zaidi.

Tarehe 24 Oktoba 2012 mtoto yule alisimama mbele ya shule nzima, Ye-won amemnyooshea tufaha, naye mikono ameiacha chini.

“Ng'ata, mwanangu, wenzako wana njaa,” alisema marehemu.

“Mwalimu Mkuu, hawajaacha.”

“Kwani nani amekuuliza kama wameacha? Pokea, ng'ata, tukale!”

Wasichana wakacheka, marehemu akalichukua tufaha na kulibana kwenye midomo ya mtoto mpaka meno yakazama, na makofi yakapigwa. Wiki ileile, nyuma ya ukumbi wa michezo, kundi la Ye-won lilimlisha kwa nguvu matufaha yaliyooza, likamvunja jino la mbele, na mama yake alipokwenda ofisini na aproni yake mbichi, marehemu alimjibu chini ya kile kibao, “Mama, binti yako aling'ata, shule nzima imeona. Jambo lililokwisha halifufuliwi.” So-dam hakukanyaga darasa tena maishani mwake, na marehemu alistaafu tarehe 31 Agosti 2015, akavishwa nishani.

Mwezi Machi 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya umio, akalazwa Daegu, na kufikia mwaka huu alikuwa akilishwa kwa mrija tumboni, hawezi kumeza hata mate yake. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, akawa hana usingizi, na kila dada yake alipomtembelea alisikia maneno yaleyale, “Dada, niletee yule mtoto wa jino, anisamehe nife.” Bi. Yeong-rye alimtafuta, akamkuta katika saluni ya nywele huko huko Daegu, na tarehe 12 Novemba, mchana, So-dam alikuja.

Marehemu alikuwa amemtuma mkewe sokoni kununua tufaha zuri kuliko yote. Maradhi yalikuwa yamemla kila kitu, ila mazoea hayakuguswa, maana alilinyoosha tufaha lile kwa mikono miwili, akanong'ona, “Sagwa,” kisha akatulia kungoja ling'atwe.

So-dam alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaketi, akaomba kisu, akalimenya kama tunavyowamenyea wageni wa heshima, akalikata vipande, akachoma kimoja kwa uma na kukisogeza kwenye midomo ya mgonjwa.

“Karibu, Mwalimu Mkuu.”

“Siwezi kumeza, mwanangu. Kula wewe.”

“Nitakulaje na mkubwa hajaanza? Si ndivyo ulivyotufundisha?”

Ju-hyeon, mwana wa marehemu, akamsihi So-dam, “Dada, mwonee huruma, ng'ata kidogo tu.” Naye akatabasamu, pengo likaonekana, akasema, “Kaka, mimi nina adabu zangu.” Marehemu alifumbua kinywa, akawekewa kipande kwenye ulimi, akajaribu, akapaliwa, akakitema, naye So-dam akamfuta kidevu kwa leso yake mwenyewe na kumchomea kingine. Aliketi hivyo, mikono mapajani, mpaka vipande vikageuka rangi ya kahawia na muuguzi akatangaza kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha, ndipo akainama na kuondoka. Dada wa marehemu alikuwepo, na anasema mbele yenu kwamba hakuona kosa lolote la adabu. Mwalimu Maeng Deok-gi alifariki tarehe 16 Novemba 2024, akimwuliza mkewe kama yule mtoto amekula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Daegu, majirani wa Neutgol waliopika, na walimu wenzake, hasa Bi. Ok, aliyekuja ingawa hakuna aliyemtarajia. Tunamshukuru pia Nam So-dam, aliyeinama mara mbili mbele ya picha kama inavyotakiwa, na sasa yuko pale meza ya mwisho, karibu na mlango tulipovua viatu, supu imeandaliwa mbele yake, inapoa, na kijiko hajakigusa.

Pumzika, Deok-gi, na amani ikufuate ikipenda. Tufaha lako liko hapo mbele ya picha yako, tumelikata juu ili uweze kula, kama ilivyo desturi kwa wafu. Anza kula, ndugu yangu, mtoto wa watu anakungoja.