Kilichobaki Kisosini

Bei ya petroli ilipanda tena Alhamisi, mara ya tatu mwaka ule, na Ijumaa asubuhi benchi la Ndelilio, muuza kahawa wa kona ya stendi ya Moshi, likajaa mapema. Kornel aliegesha pikapu yake ya Peugeot hatua tatu kutoka pale, akateremsha dumu la lita ishirini. Ndani mlikuwa na spiriti ya molasi ya miwa iliyopikwa na mtu wa Kahe, kwa nusu ya bei ya petroli. Pikapu ile ilikuwa imelala juu ya mawe miezi minane; injini ilifunguliwa, ikafungwa, ikawaka juzi tu. Ndiyo iliyoshusha ndizi za kina mama wa Kilema. Ikifa tena, Kornel hakuwa na nyingine. Alifungua kifuniko cha tanki, kisha akasita.

— Unasita nini, mangi? aliuliza Basili, ambaye kwa kusikiliza redio sana aliitwa Waziri. Brazili magari yanakunywa miwa siku nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimina, injini ipone.

— Ya Brazili yametengenezwa hivyo, alisema Kornel. Hili langu limezoea petroli.

— Kuzoea ni nini? Wewe ulizaliwa unakunywa kahawa?

Wenseslaus aliweka kikombe chini. Alistaafu kutoka kiwanda cha sukari, na kijiwe kilimwita Injinia ingawa kule alikuwa karani wa mizani.

— Enzi zetu molasi ilimwagwa barabarani kuzuia vumbi, alisema. Mali ya bure kabisa.

— Enzi zenu, Injinia, alisema Ndelilio. Sasa wenye ng'ombe wa maziwa wanaigombania. Na nyie mkianza kunywesha magari, itapanda mpaka ikutane na petroli huko huko juu.

Kornel aliona maneno hayo yana uzito. Lakini dumu alikuwa ameshalinunua.

— Basi tuache molasi! alisema Waziri. Kahawa haina bei, watu wanaing'oa. Tupande ndizi mpaka mpakani mwa msitu, tupike mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe ya magari. Kila shamba la kihamba na pampu yake. Wenye visima vya mafuta watapanga foleni hapa na madumu.

— Na sisi tutakula nini? aliuliza Ndelilio.

— Tutakula bei, mama.

— Trafiki akisimamisha gari linalonuka mbege? aliuliza Kornel.

— Dereva mzima, gari limelewa. Atampeleka nani mahakamani? Maji yakimwagika hayazoleki!

Walicheka, hata Kornel. Mkono wake lakini ulibaki kwenye kifuniko.

— Meku, alimwambia Injinia kwa heshima ya mzee, nieleze kitu kimoja tu. Nitajuaje kama hii ni nzuri?

— Kama wapika gongo wanavyojua. Wanapima kwa moto. Ikiwaka bluu, imepita.

Ndelilio akatoa kisosi. Kornel akakijaza, wakakiweka kivulini mwa pikapu, Injinia akawasha kiberiti. Moto wa bluu ukatambaa juu ya kisosi. Benchi zima likainama.

— Inawaka!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame! alipaza sauti Waziri. Mimina, mangi!

Moto ulicheza, ukafifia, ukazimika. Kornel akainua dumu, akauelekeza mdomo wa dumu kwenye tanki.

Hapo akafika Salvina, muuza ndizi wa Kilema, tenga tupu kichwani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Kornel, tunapanda saa ngapi? Akatua tenga, akaona kisosi chini. Haya maji ni ya nini?

— Si maji, alisema Waziri. Ni mafuta. Yamewaka sasa hivi tumeona wote.

— Yameshawaka? Sasa hiki kilichobaki ni nini?

Waziri akamtazama Injinia.

Kornel aliweka dumu chini, akachovya kidole, akakipeleka ulimini. Hapakuwa na ukali wowote. Kisosi kilikuwa bado na maji karibu nusu.

— Mnywaji wa gongo, alisema Injinia taratibu, hajali nusu yake ikiwa maji.

Kornel akafunga kifuniko cha tanki, akakikaza mara mbili.

— Hata hivyo, alisema Waziri, nusu njia ungefika.

— Nusu njia ya Kilema ni mlimani, alisema Kornel. Ungesukuma wewe?

Ndelilio alitikisa birika. Lilikuwa tupu. Akaokota kisosi chake, akamwaga kilichobaki juu ya makaa machache yaliyokuwa bado mekundu. Yakalia kidogo, yakazimika.