Kusikiliza Bure Kunaishia Hapa

Kijiwe chetu cha Kirumba kiko juu ya jiwe bapa nyuma ya soko la Mwaloni, mahali ambapo hata kahawa inanukia dagaa. Jioni ile ziwa lilikuwa limetulia, na sisi tumeizunguka simu ya Okech. Okech alizaliwa baba yake, Odoyo mvuvi, ameshakufa. Kumbe zamani serikali ilirekodi sauti za wavuvi ikaziweka kwenye hifadhi yake, na juzi kampuni moja imezitia mtandaoni, inauza. Okech akabonyeza. Ikatoka sauti ya kijana, laini, ikifuatana na mlio wa maji: “Shikamooni wazee wangu mnaonisikiliza. Mimi Odoyo, nataka kuwaambia...” Kimya. Yakaja maandishi: Kusikiliza bure kunaishia hapa. Lipia uendelee.

— Wezi! akafoka Chenge, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani. Sauti ya umma hiyo. Umma ni nani kama si mimi na wewe?

— Tulia, Wakili, akasema Revocatus, fundi simu, jina la kijiweni Satelaiti. Sauti haifi, inazama ziwani. Hao jamaa wanaivua tu kama dagaa, kwa taa.

— Hata kama! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa kusikia kunauzwa. Maskini wote tutavunjika miguu!

— Haya mawe yetu ndiyo kanda zenyewe. Mchana yanarekodi, usiku yanasema. Laza sikio utasikia.

— Basi watayapiga kufuli.

— Na ndoto pia! Utaota nusu, halafu: lipia uendelee.

Tukacheka. Okech hakucheka.

— Mimi simuoti, akasema. Nitamuota vipi mtu nisiyemjua? Leo ndiyo nimempata, na wamemkatiza mdomo ukiwa wazi.

Nikamhurumia hadi kahawa ikanishinda.

Akaja dada mmoja mgeni, Winnie wa Misungwi, kununua kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba! tukaitika wote.

Okech akabonyeza tena. “Shikamooni wazee wangu...” Ikakatika palepale.

— Jamani, akauliza Winnie, mbona huyo kijana kawaamkia, hakuna anayemwitikia?

Satelaiti akatazama maji. Kwa sauti ile, Odoyo alikuwa sawa na wajukuu zetu.

Okech, mvi kichwa kizima, akatugeukia.

— Nimwitikie marahaba baba yangu?