Mama Nnko na Beseni la Bluu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Bi. Anande Nnko, mtaalamu wetu wa eksirei, anavua koti jeupe na kurudi nyumbani kwake Sekei. Hospitali nzima tunamwita Mama Nnko, na wapo madaktari ambao hawakulijua jina lake la kwanza mpaka walipopokea mwaliko wa sherehe hii.

Aliajiriwa mwaka 1989, enzi zile picha zikisafishwa kwenye chumba cha giza na kuanikwa kama nguo. Amepiga picha watu wasiohesabika, lakini kumpiga picha yeye mwenyewe ni vita. Hiyo iliyoko kwenye jalada la kijitabu hiki tumeinyakua kwenye harusi ya binti yake Agnela. Tunaomba radhi, tukiwa tumesimama mbali naye kidogo.

Tulipopata mashine ya kupima matiti, akina mama waliiogopa. Mama Nnko akawa anapasha vitambaa moto na kufuta kibao cha mashine kabla hajamwita mtu, maana baridi ya Meru mwezi wa saba si ya kuchezea. Walioingia wakitetemeka walitoka wakimsimulia habari za watoto. Wengi walirudi mwaka uliofuata wakiwa na dada zao.

Mwaka 2022 ikaja kompyuta ya kusaidia kusoma picha hizo. Kazi yake ni kuzungushia duara jekundu mahali inapopatilia shaka, ili daktari apaangalie vizuri na saratani ikamatwe ingali changa. Minong'ono ikaanza kwamba Mama Nnko sasa hana kazi. Yeye alivuta kiti, akavaa miwani, akajifunza.

Wiki ya kwanza kompyuta ilichora maduara mpaka tukachoka. Karibu kila mama alionekana ana vidoa vyeupe upande wa kwapani. Fundi wetu, Bwana Huzefa, alikuwa ameshaanza kuifungasha irudishwe ilikotoka, ndipo Mama Nnko alipoona vumbi jeupe kwenye vidole vyake. Akacheka peke yake. Akina mama wa Arusha hawaendi hospitali hivi hivi. Wanaoga, wanajipaka poda mpaka makwapani, wanapendeza kama siku ya kanisani. Akatuambia mashine haina kosa, imeona poda kweli. Mchana huohuo alirudi kutoka Kaloleni na beseni la bluu, sabuni na taulo. Akina mama wakawa wananawa kabla ya picha, maduara yakapungua, na Bwana Huzefa akafungua maboksi yake.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, Gerson Mollel, msaidizi wake, na sijivunii. Tulilizoea mno neno "poda". Mwaka uliofuata, siku ya Ijumaa, alikuja muuza ndizi wa Tengeru, Bi. Irine Kaaya, ambaye ameniruhusu kumtaja. Kompyuta ikachora duara. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipokea picha. Nikaandika "poda" kwenye daftari, nikamwambia arudi mwaka ujao, na picha yake haikufika kwa daktari.

Mama Nnko ana desturi ya kusoma daftari lote kabla ya kwenda nyumbani. Alipofika kwenye jina la Irine alisimama. Alikumbuka vizuri kwamba mama huyo alinawa, tena alilalamika kwamba maji ni ya baridi. Alimpigia, simu haikupatikana. Kesho yake, siku yake ya mapumziko, alikwenda soko la Tengeru akapita kwa wauza ndizi mmoja mmoja akimuulizia, mpaka akampata. Jumatatu walikuja pamoja. Irine akanawa, akapigwa picha tena, na duara likarudi palepale. Maabara ikathibitisha kuwa ni saratani, ndogo kuliko punje ya mahindi, na ilikuwa haijasambaa.

Hakunigombeza. Alinionyesha daftari, akanikabidhi birika, akasema kwa mwezi mmoja maji ya moto ya beseni ni kazi yangu. Asubuhi ya kwanza nililijaza huku nalia. Tangu hapo hakuna anayeandika neno lile kabla mama hajanawa na kupigwa picha ya pili, na kila duara linafika kwa daktari.

Leo Bi. Irine amekaa mstari wa pili, amepona, na ameleta mkungu wa ndizi ambao tumekatazwa kuugusa kabla ya mgeni rasmi. Tumepata vyeti vingi hospitalini hapa, lakini cha kujivunia zaidi ni yule pale.

Asante, Mama Nnko. Nenda kapumzike, ulee wajukuu, na maisha ya huko mbele yakutendee wema kama ulivyotutendea sisi. Ule mwezi mmoja ulikwisha zamani, mama. Birika bado nalijaza mimi.