Programu ya Dobi

Benchi la pembeni mwa kinyozi limekaa upande upande, kwa hiyo wenyeji wake hukaa kwa kupimana uzito: Breki, dereva wa lori aliyestaafu, kushoto, Sindano, fundi cherehani, kulia, katikati hukaa mwenye shida. Asubuhi hiyo katikati alikaa Swichi, mwandishi wa programu za simu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Yeye na mume wa dada yake, ambaye mtaa mzima sasa unamwita Shemeji, wamefanya kazi chumba kimoja miaka nenda miaka rudi, wamepeana migongo: Swichi anaandika za Android, Shemeji za aifoni. Sasa mama mwenye duka la dobi anataka programu ya kuita mtu aje kuchukua nguo chafu, na mchana huu anataka jibu. Iandikwe mara mbili, kila simu kwa lugha yake, au iandikwe mara moja iingie kote? Hiyo ya mara moja Swichi amejifunza kimyakimya, na anaiweza. Anajua pia kwamba inataka mtu mmoja tu.

Hilo la mwisho alilimeza. Aliuliza tu njia ipi bora, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya.

— Mara mbili, alisema Sindano. Shati la kushonewa linalijua bega lako. La dukani likikukaa shingoni, linakupwaya tumboni.

— Tumbo lako wewe halipwayi kitu, alisema Breki. Mara moja. Nimeendesha malori ya kila aina, usukani ni usukani.

— Na lile ulilolitia mtaroni?

— Lile lilikuwa na roho mbaya.

Swichi akajitia kuwa mwadilifu. Akaeleza kwamba ya mara moja huisha haraka na kosa lake hurekebishwa mahali pamoja, ila pengine huwa nzito, na kamera na ramani humsikiliza zaidi anayesema nazo kwa lugha yao. Heri angenyamaza tu. Sindano alisema basi hapo katikati pana mkalimani, na wakalimani anawajua, kuna mmoja alitafsiri hotuba ya mgeni akachomeka na salamu za kwao. Breki naye akaapa kuwa simu za aina mbili haziwekwi mfuko mmoja, moja itamnyonya mwenzake chaji kwa wivu, ameshuhudia kwa macho yake. Muuza kahawa, ambaye alikuwa akimimina bila kuulizwa, akasema wote wanapoteza muda, mwenye aifoni hana nguo chafu, ikichafuka ananunua nyingine.

Swichi alicheka nao mpaka akapaliwa. Roho ilikuwa imetulia kidogo. Maadamu maneno ni ya mashati na malori, hakuna atakayemgusa panapouma. Alichotaka ni kurudi chumbani na kauli ya watu, aseme si yeye, kijiwe ndicho kilichoamua.

— Kwa hiyo mnasema mara moja? akawasukuma.

Sindano alikuwa ameanza kulegea pale dada yake Swichi alipofika na chupa tupu ya chai, kumchukulia mumewe kahawa. Hakuwa mtu wa kusimama kijiweni. Aliwasalimu, akauliza wanabishania nini tangu asubuhi. Breki akamweleza, na safari hii akaeleza vizuri kuliko yote aliyoyasema siku hiyo: inaandikwa mara moja, simu zote zinaelewa, mama wa dobi anafurahi, kila mtu anakwenda zake kupumzika.

— Na hiyo ya mara moja anaandika nani? dada akauliza.

Aliuliza hivi hivi, bila hasira. Sindano akaanza kutafuta uzi kwenye mkono wa shati lake. Breki alimtazama Swichi, akaelewa, akatazama barabarani. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa. Swichi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni.

— Dada, mimi...

— Maana mwenzako yuko mezani tangu alfajiri, ya kwake ameshaianza. Anasema usiwe na haraka, mdogo wangu. Wewe ukichelewa kumaliza yako, atakaa na wewe mpaka iishe.