Mkutano wa Siku ya Soko la Chwele

Hamjambo watu wa Lugulu? Mchungaji amenipa dakika kumi, na mimi najijua kwa maneno, kwa hivyo acha nianze. Natoka kule mpakani, kijiji ambacho mguu mmoja uko Trans-Nzoia na mwingine uko Bungoma. Katikati kuna kijito. Sisi wa upande wa Trans-Nzoia tunauza mahindi Kitale. Wenzetu wa ng'ambo wanauza vitunguu na kuku Chwele.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo nililificha kwa muda mrefu. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya amani, na amani yenyewe sikuitaka.

Msinicheke. Wakati wa uchaguzi mmoja wa zamani nyumba yangu ilichomwa. Nilikimbia na watoto, tukakaa kwa dada yangu kule Myanga msimu mzima. Nani aliwasha moto sijui mpaka leo, lakini walivuka kijito, hilo niliona kwa macho yangu. Niliporudi nilikuwa nawachekea watu wa ng'ambo kwa meno tu. Moyoni nilikuwa na chuki, na nilikuwa naifuga kama kuku wa mayai.

Halafu chifu akaunda kamati, watu sita wa huku, sita wa ng'ambo. Nikapewa uenyekiti. Nikapanga mikutano iwe Jumatatu saa nne asubuhi. Kwetu Jumatatu ni siku ya kawaida. Kwa wale wa ng'ambo ni siku ya Chwele, na mtu akikosa Chwele, wiki hiyo nyumbani kwake hakuna sukari wala sabuni.

Mara ya kwanza sikukusudia. Baadaye mama mmoja wa ng'ambo, mwanakamati mwenzangu, muuza vitunguu, akanijia na heshima zake. "Mwenyekiti, si utusongezee hiyo siku? Jumatatu sisi wote tuko soko."

"Nitaangalia, mama," nikamwambia.

Sikuangalia kitu. Nilifurahi, na ninaona aibu kusema hivyo mbele yenu, lakini mficha uchi hazai. Kila mkutano nikawa naandika kwa kitabu: watu wa ng'ambo hawakuhudhuria, hawakutuma udhuru. Chifu akisoma anatikisa kichwa, anasema ati hawa watu hawapendi amani. Na mimi natikisa kichwa pamoja naye, taratibu, kama mzee wa kanisa.

Ikafika siku ng'ombe wanne wakaibwa upande wetu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kabla ya ibada. Vijana wakajaa pale kwa kinu cha kusaga mahindi, kila mmoja na panga, wanasema wanavuka. Katikati yao nikamwona mwanangu wa kwanza.

Nikamshika mkono. "Baba," nikamwita kama mama anavyomwita mwanawe, "unaenda wapi?"

"Mama, si ni wewe uliandika?" akaniuliza. "Mara tisa wameitwa, mara tisa wamekataa. Mtu hataki hata kuongea na wewe, sasa huyo anapanga nini?"

Mwandiko wangu ndio uliompa mtoto wangu panga. Nikapanda juu ya ngazi ya kinu nikasema kwa sauti, "Hicho kitabu ni uongo. Walikosa kwa sababu mimi niliweka mkutano siku ya Chwele. Niliambiwa, na nikakataa kubadilisha."

Mmoja akaniita msaliti. Mwanangu aliniangalia kama mtu ambaye hanijui, na hapo ndipo niliumia kuliko siku ile nyumba ilichomwa. Lakini hawakuvuka. Niliwaomba wanipe mpaka kesho jioni, wakanipa.

Jumatatu nikapanda bodaboda mpaka Chwele. Nikamkuta yule mama anapima vitunguu kwa kopo la gorogoro. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alimaliza kwanza kumpimia mteja wake.

"Mwenyekiti, sisi tulijua," akasema. "Tulikuwa tunangoja tu uchoke. Haya, kaa hapo kwa gunia. Mkutano ni sasa."

Ndugu zangu, tulifanya mkutano wa amani katikati ya vitunguu. Akawaita wenzake watano, nikawaeleza rangi za ng'ombe na alama za masikio, wakatawanyika kwa upande wa mifugo. Kabla ya saa saba ng'ombe walipatikana, wameshushwa kutoka kwa pikapu. Aliyetaka kuwauza alikuwa mtu wa upande wetu. Jina silitaji, lakini jana yake alikuwa pale kwa kinu, anapiga kelele kuliko wote. Watu wa ng'ambo ndio walizunguka wale ng'ombe mpaka polisi wakafika.

Jioni wao wenyewe walituletea ng'ombe wetu. Mwanangu akaenda kumpokea yule mama pale kijitoni. "Mama, nisamehe," akasema. "Ngojea kwanza," mama akamjibu, "nishikie hili gunia, mgongo unaniuma." Akalibeba mpaka nyumbani kwa huyo mama.

Uenyekiti niliuacha, na yule mama ndiye aliuchukua. Mikutano ikawa Jumamosi jioni. Uchaguzi uliofuata ukafika, na siku ya matokeo watu wa pande zote walikaa kwa kinu wakisikiliza redio moja. Walioshinda walishangilia, walioshindwa walinuna, halafu kila mtu akaenda kukama ng'ombe wake. Bwana apewe sifa kwa jioni hiyo.

Namshukuru dada yangu wa Myanga, aliyetulisha bila kutuhesabia vijiko. Namshukuru chifu, ambaye nilimdanganya na bado ananisalimia. Huyo mama nimekuja naye, amekaa hapo nyuma na amenikataza nisimwonyeshe.

Ninyi wa kamati za amani, mkiona viti vya wenzenu ni vitupu, ulizeni mliwaita siku gani. Mtu akikuambia siku hiyo haimfai, msikie mara ya kwanza. Mimi nilingoja mpaka mwanangu akashika panga.