Sukari ya Sinia Moja

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha Kisigino, fundi viatu. Kapimwa, kaambiwa ana sukari. Mkewe akamnunulia mashine ya kujipima baada ya kula, lakini jamaa huyu anayeshinda na misumari mdomoni, kasindano ka kutoboa kidole kanamliza! Basi anatobolewa Sindano, fundi cherehani, yeye vidole vimeshakufa ganzi. Tunakula sinia moja, sukari si moja? Msitucheke, tulipiga hesabu ikakubali.

KISIGINO: Soma, soma!

PROFESA (muosha magari, shule aliipitia dirishani): Tano nukta nane! Wali wote ule, na soda juu!

KISIGINO: Si niliwaambia? Vitamini hizi nilizonunua stendi kiboko. Dawa za hospitali nimezitupa uvunguni.

SINDANO (ananyonya kidole): Ila zinafanyaje kazi?

PROFESA: Vitamini ni mgeni mwilini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

SINDANO: Na sukari inakwenda wapi?

PROFESA: Inatokea miguuni, kwa jasho. Unadhani sisimizi wanafuata nini kwenye viatu?

KISIGINO: Kweli bwana! Jana walijaa kwenye buti la mlinzi mmoja aliyeleta kushonwa!

PROFESA: Umeona? Meza mbili, unakula keki nzima. Meza tatu, ukiingia dukani sukari inajificha nyuma ya chumvi.

KISIGINO: Sindano, nitilie kahawa, sukari vijiko vinne!

Hapo ndipo mkewe akatokea, kashika pamba na dawa ya kidonda cha mguuni kwa mumewe, kinachogoma kupona.

MKE: Imesoma ngapi leo?

KISIGINO: Tano nukta nane, mama watoto. Nimepona!

MKE: Afadhali jamani! Nilikuwa silali.

Akamshika mkono kwa furaha, akaugeuza. Gundi tupu, hakuna hata tundu moja. Akamtazama Sindano, kidole bado kiko mdomoni.

SINDANO: Shemeji, tumekula sinia moja...

Mke akapiga magoti, akafungua bendeji ya mguu wa mumewe. Kidonda kimechimba kuliko juzi. Mimi niliangalia pembeni, nikaona aibu kweli.

MKE: Haya, wataalamu. Siku daktari akisema mguu ukatwe, atakata wa nani?

Sindano akavuta miguu yake yote miwili chini ya benchi.

Kisigino akaweka kikombe chini, akafumba macho, akanyoosha kidole.

— Toboa, mama. Taratibu lakini.